Jinsi ya kusaka saa kuukuu za kamani Nairobi

Saa ninazosaka ni za kamani, yaani springi inayoendesha mashine: zile za kutiwa ufunguo kila asubuhi, au zinazojijaza zenyewe mkono unapotembea. Desemba 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya mkono ya kwartzi, inayoendeshwa kwa betri, na miaka iliyofuata betri ikatawala. Za kamani zikatupwa kwenye madroo, na sasa zinaibukia kwenye masoko ya mitumba ya Toi na Gikomba.

Nenda mapema. Usitafute palipopangwa saa zinazong'aa. Tafuta kisanduku chenye vifungo, miwani na rimoti zilizokufa. Mwambie mwenyewe, "Mzee, naomba nipekue hapa kidogo," kisha chuchumaa bila haraka. Mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu hutambua kitu kabla ya macho, na moyo hunidunda nikigusa chuma kizito chini ya zile takataka.

Kama unaanza, anza na Seiko 5. Zimekuwapo tangu 1963, zilitengenezwa kwa wingi, na mafundi wa River Road wanazijua. Geuza saa usome mgongo wake. Ukikuta 6119-8083, zile tarakimu nne za mwanzo ndizo jina la mashine iliyomo ndani. Kisha soma namba yake ya pekee: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi (Oktoba ni 0, Novemba ni N, Desemba ni D). Ikianza na 12, ni Februari ya mwaka unaoishia na 1, na kwa kuwa mashine hiyo ni ya mwisho wa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, umeshika saa ya 1971. Hapo huwa nafurahi kama mtoto. Umesimama kwenye matope ya Gikomba, na unajua mwezi ambao kitu hicho kiliundwa Japani!

Sasa tazama uso kwa lenzi. Pembezoni kabisa, upande wa namba 6, kuna maandishi madogo sana. Nayo yaanze na 6119. Yakitofautiana, uso umetolewa kwenye saa nyingine. Herufi nene zilizovimba, au mistari ya dakika isiyolingana, ni dalili kwamba uso umepakwa rangi upya. Uache. Mimi heri uso wenye madoa ya uzee kuliko uliopakwa ukapendeza. Mikwaruzo ya kioo cha plastiki isikutishe, hiyo husuguliwa ikaisha.

Itikise taratibu, uiweke sikioni. Mashine hii hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, ndiyo maana mshale wa sekunde huonekana kuteleza. Isikilize uso ukiwa juu, ukiwa chini, kisha kwa ubavu. Mlio ukififia upande mmoja, saa inahitaji fundi. Ile ya ufunguo, zungusha kichwa, kile kitufe cha ubavuni, polepole usikie kamani ikikaza. Kikizunguka tu bila kukaza, huenda kamani imekatika.

Kabla ya kupatana bei, ujue fundi wako anatoza ngapi kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta. Jumlisha hiyo ndani ya bei, maana saa inayotembea juu ya mafuta yaliyokauka inajila. Na zile za kabla ya miaka ya 1960 zenye rangi ya kung'aa gizani huenda zina radiamu, madini yenye mionzi ya hatari: usizifungue nyumbani wala kukwangua rangi hiyo.

Ukishaivaa, iweke mbali na sumaku. Mezani kwangu nina sumaku ya kuokotea pini, na saa haifiki pale. Ikishika usumaku hukimbia dakika nyingi mbele, ingawa fundi mwenye kifaa huuondoa usumaku huo papo hapo. Tarehe nayo usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu meno ya kalenda yanakuwa yameshikana. Sogeza mishale kwanza hadi kwenye 6, ndipo urekebishe.