Video ya harusi isikujazie simu

Harusi zetu za Mombasa ni ndefu, na video yake huja faili moja ya GB kadhaa. Usiikatekate. Ifungue kwenye kompyuta kwa HandBrake, programu ya bure, chagua H.264 (njia ya kubana video), shusha picha hadi 720p (mistari 720 ya kimo), kisha kwenye ubora weka RF 23. Namba ikipanda, faili hupungua na picha huchakaa. Mimi sipiti 26, maana hapo nakshi za leso huanza kuvurugika. H.265 hubana zaidi, lakini simu kongwe huikwamia. Jaribu dakika moja kwanza, ndipo uiache kompyuta ifanye kazi usiku kucha.

Mawaidha ya kusikiliza kwenye feri ya Likoni ni rahisi: mono (sauti ya njia moja), kbps 64 (kilobiti kwa sekunde), saa nzima haifiki MB 30. Taarabu usiifanyie hivyo, utaua fidla! Ipe 128 au zaidi. Na MP3 ya 64 ukiigeuza kuwa 320 hupati chochote ila faili nene. Ile ya asili iweke kwenye diski, ukitaka kubana tena uanzie hapo.