Somo: Kumbukumbu za mashine za jengo la zamani kwa msimbo wa QR

Wengi tunaujua msimbo wa QR kutoka kaunta ya duka, pale unapolipa kwa Lipa Namba. Lakini ulibuniwa Japani mwaka 1994, na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kwa hiyo tukiubandika kwenye pampu au jenereta tunaurudisha kwenye kazi iliyouzaa.

Mimi nasimamia majengo ya biashara hapa Dodoma mjini, ya ghorofa tatu na nne, mengi ya enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Jumamosi moja, katika jengo moja upande wa Uhindini, pampu ya kupandisha maji kwenye matenki ya paani iliungua. Kibati cha kiwanda chenye maelezo yake kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani pamoja na pampu nzima, hakisomeki. Tukabishana watu watatu, kisha tukanunua ya hospawa (kipimo cha nguvu ya mota) moja na nusu. Maji yakaishia ghorofa ya pili. Mama mwenye mgahawa ghorofa ya tatu akafunga siku mbili, na hasara ile bado inaniuma. Jumatatu nikapata namba ya mzee aliyekuwa fundi wa jengo lile, amestaafu, yuko Kongwa. Alijibu kabla sijamaliza kuuliza: "Ile ni hospawa tatu, fezi tatu. Nimeisuka mara mbili. Beringi zake ni 6205, mbele na nyuma."

Kumbukumbu yote ya jengo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Kazi yetu ni kuiandika akiwa bado yupo. Kubandika msimbo ni hatua ya mwisho, na ndiyo nyepesi kuliko zote.

Hatua ya 1: Pita jengo zima na daftari

Anza paani, shuka hadi chumba cha jenereta. Nendeni wawili, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Kila mashine ipigwe picha tatu: nzima, kibati chake, na mahali ilipo ukiitazama kutoka mlangoni.

Kibati kilichopakwa rangi usikikwangue kwa kisu, utafuta na maandishi. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni hadi mwanga ulale juu ya bati. Herufi zilizochongwa zitatoa vivuli, na picha utakayopiga hapo itasomeka. Ikishindikana, weka karatasi nyepesi juu yake na usugue penseli polepole. Hivyo ndivyo nilivyopata namba ya jenereta moja iliyokuwa imepakwa rangi mara nyingi hadi bati likawa laini machoni. Kwa kidole ulikuwa bado unazisikia herufi.

Hatua ya 2: Ipe kila mashine namba

Namba fupi, ya kusomeka kwa macho: PMP-004, JEN-001, AC-017. Msiingize jina la chumba wala ghorofa ndani ya namba. Mashine huhama, na AC-GH2-05 ikihamia ghorofa ya kwanza namba yake inakuwa uongo. Mahali paandikwe kwenye jedwali, ambako panabadilishika. Mashine ikifa, namba yake inazikwa nayo. Mpya inapata namba mpya.

Hatua ya 3: Keti na fundi wa zamani

Usimtumie fomu ajaze. Tembea naye, simama mbele ya kila mashine, mwache aongee, na kwa ruhusa yake rekodi sauti. Muulize: imewahi kuharibikaje? Kipuri chake kinapatikana wapi? Kuna kitu ulikibadilisha ambacho hakionekani kwa nje? Swali la mwisho ndilo lenye utajiri.

Hatua ya 4: Jedwali

Google Sheets inatosha kwa jengo la kawaida. Lifungue kwa akaunti ya barua pepe ya ofisi. Likiwa kwenye akaunti binafsi ya kijana wa kompyuta, siku akihama kazi mmepoteza kila kitu. Safu zangu ni chache: namba, aina, modeli, namba ya kiwandani, volti na ampea, mahali, vipuri vinavyokwisha haraka, huduma ya mwisho, na swichi inayoizima.

Hiyo ya swichi ndiyo ngumu. Kwenye majengo ya zamani, maandishi ya DB (sanduku la swichi za umeme za jengo) ni ya wapangaji waliohama siku nyingi. "Saluni" sasa ni stoo ya vitabu, na waya uliokuwa wa taa unalisha kiyoyozi. Hakikisha kwa vitendo: waarifu wapangaji mapema, fundi umeme mwenye sifa akae kwenye DB, mwingine akae kwenye mashine, waongee kwa simu, wazime swichi moja moja. Baada ya kuzima, wapime kwa testa kabla ya kuandika. Jengo la ghorofa tatu lilituchukua siku mbili. Msiiruke, maana hapa ndipo mtu anapoweza kufa.

Kwa viyoyozi ongeza safu ya gesi ya kupoozea, kama ni R22 au R410A. R410A hufanya kazi kwa presha kubwa kuliko R22 kwa karibu asilimia 60, na hazichanganywi. R22 inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, na kwa nchi kama yetu ukomo ni mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mwenye jengo akijua ana vya R22 vingapi, anaweza kupanga bajeti mapema.

Hatua ya 5: Tengeneza msimbo

Chagua msimbo usiobadilika, wenye kiungo chenu wenyewe ndani, kinachofungua taarifa za mashine hiyo kutoka kwenye jedwali. Ipo mitandao inayotoa misimbo ya bure inayopitia kwao kwanza. Muda wa bure ukiisha, stika zote za jengo zinakufa siku moja. Kiungo kiwe kifupi, kwani maandishi yakizidi vimraba vinakuwa vidogo na kamera inahangaika.

Kuna ngazi nne za kujisahihisha: L, M, Q na H. L huvumilia uharibifu wa karibu asilimia 7, H karibu 30. Kwa chumba cha jenereta chenye mafuta na masizi, weka H. Acha ukingo mweupe wa upana wa vimraba vinne pande zote. Kama msomaji atasimama sentimita 40, msimbo wa sentimita 4 unatosha. Chini yake chapa namba kwa herufi kubwa.

Hatua ya 6: Bandika

Kwanza futa vumbi kwa kitambaa, kisha kwa spiriti, subiri pakauke. Upepo wetu wa kiangazi huacha vumbi jembamba usiloliona, na gundi hushika vumbi badala ya chuma. Karatasi ya aina ya risiti usiitumie kabisa, inafifia. Ndani, stika ya plastiki isiyong'aa inafaa. Paani, chonga kwenye kibati cha alumini ukifunge kwa riveti au waya, mradi usitoboe mahali penye mabomba ya gesi au nyaya.

Usibandike kwenye kava linalofunguka. Tuliwahi kukuta viyoyozi viwili vimebadilishana makava baada ya huduma, na kila kimoja kinasoma historia ya mwenzake. Bandika kwenye mwili wa mashine.

Hatua ya 7: Sheria moja

Fundi akimaliza kazi, anaskani na kuandika alichofanya ndipo analipwa. Bila hiyo, jedwali litakuwa la kale ndani ya mwaka mmoja.

Maswali ya wanakikundi

*Kutoka Makole: Shikamoo mwalimu. Chumba chetu cha pampu kiko chini, mtandao haufiki. Tufanyeje?*

Marahaba. Ndani ya msimbo weka maandishi ya kawaida badala ya kiungo: namba, nguvu ya mota, swichi inayoizima. Simu nyingi huyasoma bila intaneti. Taarifa ya kazi ataijaza akipanda juu.

*Kutoka Kizota: Kaka, mafundi wangu wawili wana kitochi. Ndiyo basi?*

Hapana. Ndiyo maana ya namba kubwa chini ya msimbo. Anapiga ofisini: "Niko PMP-004, nimebadilisha beringi." Aliye ofisini anaandika. Asiye na simu janja asiachwe nje ya kazi hii, mara nyingi ndiye anayejua zaidi.

*Kutoka Area C: Mtu akibandika msimbo wake juu ya wetu?*

Inawezekana, kama wanavyofanya matapeli wa malipo. Chapa jina la jengo kwenye kila stika, na waambie watu wote kwamba stika zenu haziombi pesa wala namba ya siri. Anayekagua kila mwezi apitishe kidole: stika mbili zinasikika.

*Kutoka Chang'ombe: Mpangaji yeyote akiskani ataona kila kitu?*

Ataona mnachoruhusu. Ukurasa wa wazi uwe na namba, aina na simu ya ofisi tu. Funguo zinapowekwa na namba za siri za kengele za ulinzi visiwemo kabisa. Majina na simu za wapangaji pia yasiwekwe, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

*Kutoka Majengo: Tuna mashine kama mia mbili. Tunaanzia wapi?*

Mitungi ya kuzimia moto, lifti, jenereta, pampu. Viyoyozi baadaye.

*Kutoka Uhindini: Dada yenu hapa. Fundi wetu wa zamani anakataa kusema. Anahisi tukishajua, tutamwondoa.*

Dada, hofu yake ina haki, wengi yamewakuta. Ongea na mwenye jengo kwanza, upate neno lake kwamba mzee anabaki. Kisha mlipe siku hizo za kutembea kama siku za kazi, na jina lake liandikwe kwenye rekodi kama aliyetoa maelezo, akikubali. Yule wa Kongwa tulimtumia nauli na posho. Alikuja, tukaisuka tena pampu ya zamani mbele yake, akaeleza huku akishika kila kipande. Sauti yake, dakika nne, ipo kwenye PMP-004, na kijana wa zamu huisikiliza kabla ya kufungua kava.