Namna ya kuandika mwitikio wako kwa riwaya ya mtoto mwenye msiba

Msomaji analia, kisha anaandika kurasa mbili kuhusu machozi yake. Hapo ndipo maandishi mengi ya aina hii yanapoharibika. Anza na anachotenda mtoto.

Tuchukue mfano wa A Monster Calls ya Patrick Ness (2011), iliyotokana na wazo la Siobhan Dowd, aliyefariki mwaka 2007 kabla ya kuiandika mwenyewe. Conor ana miaka 13. Mama yake anaugua saratani, na saa sita na dakika saba usiku zimwi lenye umbo la mti humjia kumsimulia hadithi. Zingatia kwamba majonzi yake yanaanza mama akiwa hai. Ukiandika “aliyefiwa” tangu aya ya kwanza, umeshaipotosha riwaya.

Isome mara mbili. Mara ya kwanza weka alama za penseli tu, pale unapokasirika, unaposhtuka au hata unapochoka. Mara ya pili chora safu tatu daftarini: anachotenda mtoto, anachosema, na wanachofanya watu wazima baada ya hapo. Safu ya tatu ndiyo yenye utajiri. Conor anaiharibu sebule ya bibi yake, pamoja na saa ambayo bibi anaithamini mno, na haadhibiwi. Shuleni anampiga mwenzake vibaya, na bado haadhibiwi. Jiulize: kwa nini kuhurumiwa kunamuuma kuliko adhabu? Jibu lako, likiwa na ushahidi kutoka kurasani, ndilo kiini cha mwitikio.

Kwa maandishi ya maneno 600, muhtasari usizidi 80. Tenga kama 300 kwa tukio moja tu, 150 kwa linavyokugusa, na yanayobaki kwa kasoro za riwaya. Dondoo mbili fupi zinatosha. Usichague tukio la mwisho la hospitalini, maana kila mtu hulichagua na halikuachii la kusema.

Kwenye kugusa huko, msomaji wa kwetu ana la kuongeza. Wengi tunaijua tabia ya kuwapeleka watoto kwa jirani msiba unapoingia, au kuwaambia kwamba mama “amesafiri”. Watu wazima wa Conor nao hunyamaza, ila kwa namna yao. Linganisha kwa sentensi tatu kisha urudi kwenye riwaya, la sivyo utakuwa umeandika habari za ukoo wako.

Usiandike “Conor anatuambia”. Msimulizi ni wa nafsi ya tatu, anayemkaribia Conor bila kuwa yeye. Usimpe mtoto jina la ugonjwa wa akili ambalo riwaya haikulitaja. Taja pia toleo ulilosoma, kwa kuwa lipo lenye michoro ya Jim Kay na lipo lisilo nayo, na weusi wa michoro ile hubeba hofu nyingi. Kuhusu siri, kuugua kwa mama kunajulikana mapema, hivyo kutaje bila wasiwasi. Ukweli uliomo ndani ya jinamizi la Conor ndio wa kumwachia msomaji mwenzako.

Ukimaliza, funika jina la Conor katika kila aya. Aya inayoweza kuhamia kwenye riwaya nyingine bila kubadilika, ifute uiandike upya.