Namna ya Kuandaa Tamasha la Chakula cha Kwetu na Kilimo Endelevu

Tamasha la chakula laweza kujaa watu, muziki na moshi wa majiko tangu asubuhi hadi jioni, kisha likavunjika bila mkulima hata mmoja wa eneo hilo kuuza kapu la mboga wala kuulizwa neno lolote. Chakula kilinunuliwa kwa mfanyabiashara wa jumla, mabango yakasifu wakulima wetu, na wakulima wenyewe wakabaki mashambani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya jamii, shule, vyama vya ushirika na kamati za mitaa zinazotaka kuepuka hali hiyo. Msingi wake ni kwamba shughuli ipangwe kuanzia shambani kwenda mezani, na kila neno litakaloandikwa kwenye bango liwe neno ambalo aliyelima chakula hicho anaweza kulisimamia mbele ya watu.

Kalenda ya shamba kwanza

Waandaaji wengi huanza kwa kuchagua tarehe na kutafuta uwanja, ndipo wawatafute wakulima. Geuzeni utaratibu huo. Miezi sita kabla, au minne ikiwa muda ni mfupi, watembeleeni wakulima, wafugaji na wavuvi wa eneo lenu na kuwauliza ni kitu gani huwa tayari katika majira gani, wanaweza kutoa kiasi gani bila kuathiri wateja wao wa kawaida, na ni siku ipi ya juma wanayoweza kuondoka shambani. Swali la mwisho husahaulika, ilhali ng'ombe hukamuliwa hata siku ya tamasha, na mkulima anayevuna peke yake hawezi kusimama nyuma ya meza tangu alfajiri. Muda huo wa miezi una sababu nyingine pia: mboga za majani zinaweza kupandwa zaidi kwa ajili ya tamasha na zikawa tayari baada ya wiki chache, lakini nafaka huhitaji miezi.

Zipo siku za kimataifa zinazovutia waandaaji, kama vile Siku ya Chakula Duniani tarehe 16 Oktoba, inayokumbuka kuanzishwa kwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 1945, au Siku ya Udongo Duniani tarehe 5 Desemba. Zikiangukia msimu wenu wa mavuno, zitumieni. Zikiangukia wakati ghala ni tupu na mashamba ndiyo kwanza yanapandwa, ziacheni zipite, kwa kuwa tamasha la chakula cha kwetu linalofanyika wakati ambapo chakula hicho hakipo litalazimika kununua cha mbali.

Katika kamati yenyewe, nafasi zisizopungua nusu ziwe za wazalishaji, na mikutano ipangwe kwa saa zinazowafaa. Terra Madre, mkutano ulioanzishwa na Slow Food, vuguvugu linalotetea vyakula vya kienyeji, mjini Torino, Italia, mwaka 2004, ulijengwa juu ya wazo hilohilo la kuwaleta wakulima, wafugaji na wavuvi wajisemee wenyewe badala ya kusemewa. Wazo hilo halihitaji ukumbi mkubwa wala wageni wa kimataifa ili lifanye kazi.

Mipaka ya neno "kwetu"

Kabla ya kumwalika mwuzaji yeyote, andikeni maana ya chakula cha kwetu kwa ajili ya tamasha lenu. Wengine hutumia umbali wa kilomita, wengine mipaka ya wilaya au bonde la mto; kigezo chochote kinafaa maadamu kinaeleweka na kinapimika. Kisha orodhesheni mambo yanayoruhusiwa kutoka nje ya mpaka huo, kwa mfano chumvi, mafuta ya kupikia au viungo, na orodha hiyo ibandikwe mahali ambapo kila mgeni ataiona. Msamaha uliotangazwa wazi haumvunjii mtu imani. Chakula cha mbali kilichofichwa chini ya bango la kwetu humvunjia.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Watu wengi huamini kwamba chakula kilichosafiri njia fupi ni chakula kisichoharibu mazingira, na matamasha mengi hulitangaza hilo bila kulichunguza. Utafiti wa Poore na Nemecek uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba aina ya chakula na namna kinavyozalishwa vina uzito mkubwa kuliko umbali kilikosafirishwa. Usafirishaji ni sehemu ndogo tu ya hewa chafu yote inayotokana na chakula. Mboga iliyolimwa jirani katika nyumba ya kioo inayopashwa joto kwa mafuta inaweza kuwa na madhara makubwa kuliko iliyoletwa kutoka mahali inapoota kwa jua. Hilo halipunguzi thamani ya chakula cha jirani, ambacho kina faida zake za kweli: fedha hubaki katika jamii, mlaji anaweza kwenda kuliona shamba, na aina za mazao zinazopendwa mahali hapo hazipotei. Tangazeni faida hizo, na suala la mazingira lijibiwe kwa maswali yanayolihusu hasa: udongo unarutubishwa kwa nini, maji yanatoka wapi, wadudu wanadhibitiwaje, mifugo inalishwa nini.

Majibu yaandikwe kwenye kadi mezani kwa maneno ya kawaida, kama "hakuna dawa ya kemikali iliyonyunyiziwa" au "shamba linategemea mvua tu." Neno "kilimo hai", yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za kemikali za viwandani, litumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa katika nchi nyingi linalindwa na sheria na linahitaji cheti. Kwa wakulima wadogo wasiomudu gharama za ukaguzi wa makampuni, upo mfumo shirikishi wa udhamini, ambamo wakulima na walaji hukagua mashamba kwa zamu kwa kufuata kanuni walizokubaliana. Tamasha ni mahali pazuri pa kuuanzisha, kwa sababu pande zote mbili zimekutana.

Fedha na meza

Mkulima alipwe. Chakula cha kuonja, saa anazotumia kufundisha, na mazao yatakayopikwa jukwaani vyote vina bei, na kumwambia kwamba atafaidika kwa kujulikana ni kumtwisha gharama za sherehe yetu. Wapishi na wauza chakula wasaini mapema makubaliano ya kununua viungo vyao vikuu kwa wakulima waliotajwa, pamoja na kiasi na bei, na meza za wakulima ziwekwe karibu na lango, mahali ambapo kila anayeingia atapita. Ada ya meza kwa mzalishaji mdogo iwe ndogo kuliko ya mwuza chakula kilichopikwa, au isiwepo kabisa. Kuhusu wafadhili, amueni kwa maandishi, kabla fedha haijaonekana, ni biashara za aina gani hamtazipokea. Baada ya fedha kuonekana uamuzi huo huwa mgumu mno.

Mafunzo yanayoshikika

Hotuba ziwe chache na fupi. Watu hukumbuka walichogusa, na udongo ni mwalimu wa kwanza. Jazeni udongo theluthi moja ya chupa ya kioo, ongezeni maji, tikiseni kwa nguvu, kisha iacheni itulie: chembe za mchanga huzama katika dakika moja hivi, zile laini zaidi hufuata baada ya saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi huweza kubaki ukielea kwa siku nzima au zaidi. Kwa hiyo chupa moja itikiswe siku iliyotangulia na nyingine mbele ya wageni. Kando yake wekeni trei mbili zilizoinamishwa, moja ikiwa na udongo mtupu na nyingine udongo uliofunikwa kwa matandazo, na mtu azimwagilie kiasi kilekile cha maji. Rangi ya maji yanayotiririka kutoka kila trei itaeleza habari ya mmomonyoko kuliko bango lolote, na watoto wataomba kurudia.

Meza ya kubadilishana mbegu ndiyo ningeitetea kuliko zote kama nafasi ingebaki moja, na pia ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Ulizeni kwanza sheria za nchi yenu, kwa kuwa katika baadhi ya nchi uuzaji wa mbegu zisizothibitishwa umekatazwa hata pale ambapo kubadilishana kunaruhusiwa. Kila pakiti iwe na jina la zao na la aina yake, mahali ilipovunwa, mwezi na mwaka wa mavuno, na neno kutoka kwa aliyeitunza: inastahimili ukame, huchelewa kukomaa, hupikika haraka. Waelezeni wageni kwamba maharage, njegere na nyanya kwa kawaida hujichavusha zenyewe, hivyo mbegu zake hufanana na mzazi kwa uhakika mkubwa, ilhali mahindi huchavushwa kwa upepo na maboga kwa nyuki, na aina mbili zilizopandwa karibu huchanganyika. Mbegu chotara za dukani zisiletwe, kwa kuwa kizazi kinachofuata hakifanani na cha kwanza. Vipando, marando na machipukizi navyo visibadilishwe bila mtaalamu wa kilimo kuvikagua, kwa sababu hubeba magonjwa ya virusi kwa urahisi hata vinapoonekana salama. Mwishoni mwa meza kaeni na daftari, na kila anayechukua mbegu aandike alichochukua, ili msimu ujao arudishe sehemu ya mavuno yake.

Usalama na mabaki

Mgonjwa mmoja wa tumbo anaweza kuua tamasha la miaka kumi. Shirika la Afya Duniani lina kanuni tano za chakula salama ambazo kila mpishi azijue: usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi chakula kiive kabisa, kukihifadhi katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Kwa tarakimu, chakula kifikie nyuzi joto 70 katikati, cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Vipimajoto viwili au vitatu vinavyozungushwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha mauzo vinatosha. Maji ya kunawa na sabuni viwe karibu na kila eneo la kulia na karibu na vyoo. Vibali vya afya na vya matumizi ya uwanja viombwe mapema.

Mwaka 2022, kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji duniani kilitupwa majumbani, migahawani na madukani, na tamasha la kilimo endelevu lisiongeze fungu hilo. Gaweni sehemu ndogo na ruhusuni watu warudie. Sahani na vikombe viwe vya kuoshwa, vikitolewa kwa amana inayorudishwa. Chakula salama kisichouzwa kiwe na mpokeaji aliyekubali tangu wiki iliyotangulia, awe na usafiri na awe na namba ya mtu wa kumpigia. Mabaki ya mimea yaende kwenye lundo la mboji: sehemu mbili au tatu za vitu vikavu kama majani makavu kwa sehemu moja ya mabaki mabichi, katika lundo lenye takribani mita moja kila upande, bila nyama wala mafuta. Mfanyakazi wa kujitolea asimame penye mapipa, kwa kuwa maandishi peke yake hayazuii plastiki.

Katika juma linalofuata malipo yote ya wakulima yakamilishwe kabla ya mkutano wa tathmini, na mkutano huo ufanyike shambani kwa mmoja wao. Kila mmoja aseme kilo alizoleta, alizouza na alizorudi nazo, na wateja wangapi wapya wameomba kuendelea kununua kwake. Kisha daftari la mbegu lisomwe, ipangwe nani atapanda nini, na tarehe ya mwaka ujao ichaguliwe kwa kutazama kilichopandwa.