Jinsi ya kusoma hukumu ya mahakama ya shirikisho ya Marekani, iwe ya madai au ya jinai

Hukumu ya mahakama ya shirikisho ya Marekani yaweza kuwa na kurasa 20 au 120, lakini sehemu inayoamua hatima ya wahusika mara nyingi haizidi mistari miwili. Wengi husoma kurasa za mwanzo, wakanukuu sentensi kali ya jaji, wakatangaza kwamba kesi imekwisha, kumbe imerudishwa mahakama ya chini ikasikilizwe tena. Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mkalimani na ndugu wa mhusika anayetaka kujua nini hasa kimeamuliwa.

Mifano mikuu ni miwili, yote ikitokana na mabomu ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224. Wa madai ni Opati v. Republic of Sudan, ambamo waathirika na familia zao waliidai Sudan fidia. Wa jinai ni United States v. Ghailani, ambamo Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani alishtakiwa New York. Hukumu za karibuni zaidi nitazigusa pale zinapobadilisha namna ya kusoma.

Hatua ya 1: Ijue mahakama kabla ya kusoma chochote

Tazama kichwa cha ukurasa wa kwanza. Mahakama za shirikisho zina ngazi tatu. Ya chini ni District Court, zipo katika maeneo 94, na humo ndimo ushahidi unamosikilizwa. Usiilinganishe na mahakama ya wilaya ya Tanzania. Kwa uzito iko karibu zaidi na Mahakama Kuu. Juu yake kuna mahakama za rufaa 13, nyingi zikiitwa kwa namba ya mzunguko wake, yaani kundi la majimbo inayoyahudumia. Kileleni ni Mahakama ya Juu yenye majaji 9.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya mahakama za shirikisho na za majimbo. Hati iliyoandikwa "Supreme Court of the State of New York" haitoki Mahakama ya Juu ya nchi, wala haitoki mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo. Ni mahakama ya kawaida ya kusikiliza kesi, New York wanaiita hivyo. Ukiona "United States" kwenye jina la mahakama, uko kwenye shirikisho.

Mahakama za uhamiaji nazo ni jambo la pekee. Ziko chini ya Wizara ya Sheria, si sehemu ya mhimili wa mahakama. Kesi hutoka kwa jaji wa uhamiaji, ikaenda Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, ndipo ikaingia mahakama ya rufaa ya shirikisho, kwa ombi linalopaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30.

Hatua ya 2: Soma namba ya kesi

Kesi ya Ghailani kwenye mfumo wa mahakama inaandikwa 1:98-cr-01023. Tarakimu ya kwanza ni ofisi ya mahakama, 98 ni mwaka kesi ilipofunguliwa, cr ni jinai, na 01023 ni namba yake ya mfuatano. Ingekuwa ya madai ungeona cv. Herufi zikifuata mwishoni ni za jina la jaji. Hapa ni LAK, Jaji Lewis A. Kaplan. Mwaka 98 usikushangaze: Ghailani alifikishwa New York 2009, lakini mashtaka yalikuwa yamefunguliwa zamani, pamoja na ya washtakiwa wengine.

Mahakama ya Juu ina mtindo wake. Opati ni namba 17-1268, yaani ombi liliingia katika muhula ulioanza Oktoba 2017. Hukumu ilitoka Mei 18, 2020. Ukichukua 17 kuwa mwaka wa hukumu utakosea kwa miaka mitatu.

Hatua ya 3: Pata waraka wenyewe

Usiishie kwenye taarifa ya waendesha mashtaka au ya wakili. Hukumu za Mahakama ya Juu ziko bure kwenye tovuti yake, na mahakama za rufaa nazo huweka zao bure. Kwa mahakama za chini kuna PACER, mfumo rasmi unaoruhusu mtu yeyote kujisajili. Bei ni senti 10 za dola kwa ukurasa, na waraka mmoja hauzidi dola 3 hata ukiwa na kurasa 200. Nakala za mwenendo wa kesi neno kwa neno hazina kikomo hicho. Ukitumia dola 30 au pungufu ndani ya robo mwaka, hutozwi kitu.

Kinachowaponza watu ni utafutaji: matokeo nayo hutozwa kwa ukurasa, hata yanaposema hakuna kilichopatikana. Ingia na namba kamili ya kesi, si jina. Kabla ya kulipa, jaribu kwanza CourtListener, ambako nyaraka zilizokwisha kununuliwa na wengine huwekwa bure, au GovInfo ya serikali. Na hukumu ambayo jaji ameiwekea alama ya maoni ya mahakama ni bure hata ndani ya PACER.

Hatua ya 4: Anzia mwisho

Nenda aya ya mwisho ya hukumu ya walio wengi. Kwenye Mahakama ya Juu ni ile iliyo juu tu ya maneno "It is so ordered." Tafuta mojawapo ya haya:

- AFFIRMED: uamuzi wa chini umethibitishwa.
- REVERSED: umepinduliwa.
- VACATED: umefutwa, bila kusema upande wa pili ndio ulioshinda.
- REMANDED: kesi inarudi chini ikaendelee.
- DISMISSED: imetupwa. Tazama kama ni "with prejudice", yaani dai hilo halifunguliwi tena, au "without prejudice", yaani mlango bado uko wazi.

Opati inaonyesha vizuri kwa nini hatua hii ni muhimu kuliko zote. Mahakama ya chini iliwapa waathirika takriban dola bilioni 10.2, ndani yake karibu bilioni 4.3 zikiwa fidia ya kuadhibu, yaani ile ya kumwadabisha mdaiwa juu ya kufidia hasara. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C. ikaiondoa hiyo ya kuadhibu, kwa hoja kwamba sheria iliyoiruhusu ilitungwa 2008, miaka kumi baada ya mabomu. Majaji 8 wa Mahakama ya Juu, bila mmoja kupinga (Jaji Kavanaugh hakushiriki), wakasema Bunge lilionyesha wazi kwamba linaruhusu fidia hiyo hata kwa matukio ya nyuma. Ni ushindi mkubwa. Lakini amri yenyewe ilikuwa kufuta uamuzi wa rufaa kuhusu fidia ya kuadhibu na kuirudisha kesi chini. Aliyeandika "Sudan yaamriwa kulipa bilioni 4.3" hakuisoma aya ya mwisho.

Hatua ya 5: Jua ni nani anayesema

Hukumu za Mahakama ya Juu hutanguliwa na muhtasari wenye kichwa Syllabus. Unasaidia sana kuelewa, lakini huandaliwa na ofisi ya mahakama na si sehemu ya hukumu. Hilo limeandikwa hapohapo kwenye ukurasa. Usiunukuu kana kwamba ni maneno ya jaji.

Baada yake huja maoni ya mahakama, kisha ya majaji walioafiki kwa sababu zao wenyewe, na mwisho ya waliopinga. Maoni ya kupinga mara nyingi ndiyo yenye lugha kali na tamu kunukuliwa, na hayana nguvu ya sheria. Kila ukurasa juu una aina ya maoni, na kwenye maoni ya kuafiki au ya kupinga una pia jina la jaji, basi patazame kabla ya kunakili hata sentensi moja.

Hatua ya 6: Linganisha kila hoja na kipimo chake

Mahakama ya rufaa haisikilizi kesi upya. Kila hoja hupimwa kwa kipimo chake, na kipimo hicho mara nyingi hukudokeza mapema nani atashinda. Swali la sheria tupu huangaliwa upya kabisa, pasipo kumwachia jaji wa chini nafasi yoyote. Maamuzi ya uendeshaji wa kesi huguswa tu pale jaji alipotumia vibaya uhuru wake wa kuamua. Matokeo ya ukweli yaliyofikiwa na jaji huachwa isipokuwa kosa liwe wazi.

Katika rufaa ya Ghailani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Mzunguko wa Pili Oktoba 2013, chora jedwali la safu tatu: hoja, kipimo, jibu. Hoja ya kwanza: kukaa karibu miaka mitano mikononi mwa shirika la ujasusi la CIA na kisha jela ya Guantánamo kulivunja haki yake ya kusikilizwa mapema. Mahakama ilitumia mambo manne yaliyowekwa mwaka 1972 katika Barker v. Wingo: urefu wa kuchelewa, sababu zake, kama mshtakiwa aliidai haki hiyo, na madhara aliyoyapata katika kujitetea. Hoja ya pili ilipinga maelekezo kwa juri (raia wanaoamua hatia) kuhusu mtu anayefumba macho makusudi asijue. Ya tatu ilipinga ukubwa wa adhabu. Zote tatu zilikataliwa. Ukiwa na jedwali hilo huwezi kuandika kwamba mahakama "ilihalalisha mateso", kwa sababu swali hilo halikuwa mbele yake.

Hatua ya 7: Kwenye jinai, tenganisha hatia na adhabu

Juri ya shirikisho katika jinai ni raia 12, na lazima wakubaliane wote. Novemba 2010 juri ilimwona Ghailani hana hatia kwenye mashtaka zaidi ya 280, yakiwemo yote ya mauaji, ikamtia hatiani kwa moja: kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha, kwa kuwa hilo moja pekee liliruhusu adhabu hiyo. Kwa hiyo kuhesabu mashtaka hakukuambii uzito wa adhabu.

Waraka wa kutafuta ni fomu AO 245B. Ukurasa wa kwanza unaonyesha kwa alama ya tiki kama mtu alikiri au alitiwa hatiani, pamoja na vifungu vya sheria. Unaofuata una kifungo, kwa miezi: 120 ni miaka 10. Angalia kama vifungo vinakwenda sambamba au kimoja baada ya kingine. Hapa ndipo magazeti hujumlisha miaka isiyokuwepo. Kisha huja kipindi cha uangalizi baada ya kutoka, na mwisho fedha: dola 100 kwa kila kosa kubwa analotiwa hatiani mtu binafsi, faini, na fidia kwa waathirika.

Msamaha wa nusu kifungo haupo. Parole ya shirikisho, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, ilifutwa kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1, 1987. Kilichobaki kwa tabia njema ni hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo. Taarifa inayosema mtu "anakabiliwa na hadi miaka 20" inataja ukomo wa sheria tu, si hukumu.

Hatua ya 8: Uamuzi unamfunga nani?

Uamuzi wa jaji mmoja wa ngazi ya chini haumlazimishi jaji mwingine, hata wa chumba cha jirani. Uamuzi uliochapishwa wa mahakama ya rufaa unafunga mzunguko wake pekee. Aliyeko Columbus, Ohio yuko Mzunguko wa 6, Minneapolis ni wa 8, Houston na Dallas ni wa 5, Portland ya Maine ni wa 1. Hukumu nzuri ya uhamiaji kutoka Mzunguko wa 9 haimsaidii moja kwa moja ndugu yako wa Dallas.

Kuwa makini pia na mazuio, yaani amri za mahakama za kusimamisha jambo. Juni 27, 2025, katika Trump v. CASA, Mahakama ya Juu kwa kura 6 dhidi ya 3 ilisema mazuio yanayomlinda kila mtu nchini kote yaelekea kuvuka mamlaka ya mahakama za shirikisho. Tangu hapo, ukisikia "jaji azuia sera", tafuta wanaolindwa: wadai waliotajwa tu, au kundi zima lililotambuliwa rasmi na mahakama?

Hatua ya 9: Angalia kama hukumu bado iko hai

Uamuzi wa 2017 ulioinyima Opati fidia ya kuadhibu bado unapatikana mtandaoni, maandishi yaleyale. Anayeusoma bila kuangalia kilichofuata atatoa jibu lisilo sahihi. Kadhalika, Juni 28, 2024 Loper Bright v. Raimondo iliondoa kanuni ya Chevron ya 1984, iliyozitaka mahakama zikubali tafsiri ya taasisi ya serikali pale sheria inapokuwa na utata. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema kesi za zamani zilizoamuliwa kwa kanuni hiyo hazikuanguka kwa sababu hiyo tu.

Hesabu na muda. Rufaa ya madai ni siku 30, au 60 kama serikali ya Marekani ni mhusika. Mshtakiwa wa jinai ana siku 14 pekee, na huu ndio muda unaopotezwa kwa uchungu zaidi. Kwenda Mahakama ya Juu ni siku 90 tangu hukumu ya rufaa iingizwe kwenye kumbukumbu au ombi la kusikilizwa upya likataliwe.

Kwenye madai, bakiza swali la malipo. Hukumu dhidi ya nchi au kampuni ya kigeni haikusanyi fedha yenyewe. Mdai lazima apate mali inayokamatika. Sudan ilifikia makubaliano na Marekani, na mwaka 2021 ikathibitishwa kwamba dola milioni 335 zimepokelewa, tena si kwa waathirika wa balozi peke yao. Ukiripoti fidia, weka tarakimu mbili: iliyotajwa mahakamani na iliyolipwa.