Kufunga vitambua moshi vya waya kwenye gesti: mnyororo, kitako na rezista ya mwisho

Juni, mwezi ambao Mbeya hata fundi hapandi ngazi bila koti, mama mmoja mwenye gesti aliniita nimbadilishie betri za paneli ya moto. Ghorofa mbili, vyumba 14. Betri zilinichukua dakika kumi. Nilipomaliza nikapanda, kwa mazoea tu, hadi chumba namba 9, nikakizungusha kichwa cha kitambua moshi na kukitoa darini. Paneli ilitakiwa kupiga kelele palepale. Kimya.

"Dogo, paneli inasema nini?" nikamuuliza kijana wa mapokezi.

"Kijani tu, fundi."

Mama mwenyewe akashangaa: "Si taa ya kijani inawaka? Aliyefunga alisema kila kitu kiko sawa." Nikamwambia, mama, taa ya kijani inasema umeme upo. Habari za laini inayopita darini haizijui. Nilipofungua kitako (kishikizo kinachobaki darini, ambacho kichwa huzungushiwa) cha chumba namba 9 nikakuta kosa ambalo nimelikuta pia Iringa na Makambako, na ndilo limenifanya niandike mwongozo huu. Nitalieleza tukifika kwenye hatua ya vitako.

Ninaongelea mfumo wa kawaida wa volti 24, wenye paneli, kanda (sehemu ya jengo yenye laini yake kwenye paneli), vitambua moshi, vibonyezo vyekundu na ving'ora. Vipimo vya umbali ni vya kiwango cha Uingereza, BS 5839 sehemu ya 1, ndicho ninachofuata.

1. Tembea jengo kabla ya kununua hata skrubu

Kila chumba cha kulala, korido, ngazi, stoo na chumba cha meta kipate kitambua moshi. Jikoni weka kitambua joto, maana cha moshi kitalia kila asubuhi chapati zikikaangwa, na siku ya tatu mpishi atakiziba na mfuko wa rambo. Chini ya dari bapa, kusiwe na sehemu iliyo mbali zaidi ya mita 7.5 kutoka kitambua moshi kilicho karibu, au mita 5.3 kwa cha joto. Usikibananishe na ukuta wala boriti, acha sentimita 50. Kwenye ukumbi usio na dari, paa likiwa na mteremko, kikae juu karibu na kilele, ndani ya sentimita 60.

Jambo la huku kwetu ni bafu. Kwa baridi ya Mbeya na Njombe kila mgeni anaoga maji ya moto, na akifungua mlango mvuke wote unakimbilia chumbani. Kitambua moshi hakitofautishi mvuke na moshi: ndani yake kuna mwanga usiotakiwa kufika kwenye jicho lake mpaka chembe ziingie na kuutawanya, na matone ya mvuke ni chembe vilevile. Kwa hiyo kipeleke upande wa pili wa chumba, mbali na mlango wa bafu.

2. Kebo

Nunua kebo nyekundu inayostahimili moto, nyuzi mbili za milimita za mraba 1.5 na ya ethi. Waya wa taa usiutumie hata kama mwenye nyumba analalamikia bei. Ishikilie kwa klipu za chuma. Trankingi ya plastiki ikishika joto inalainika, kebo zinaning'inia koridoni, na mtu anayetambaa kwenye moshi ananaswa nazo.

3. Vuta kama mnyororo

Hapa usiwe na haraka. Kebo inatoka kwenye paneli inaingia kifaa cha kwanza, inatoka inaingia cha pili, hivyo hivyo hadi cha mwisho wa kanda. Hakuna tawi. Najua kishawishi: chumba kiko pembeni, kuna boksi la kuungia hapo hapo juu ya jipsamu, unaona uchepushe kipande cha mita nne yaishe. Kitambua moshi cha kwenye tawi kitafanya kazi, na siku ya kukabidhi kitalia vizuri tu. Lakini panya akikata hilo tawi, paneli haitajua, na panya wa darini kila fundi anawajua.

Vibonyezo vya kuvunja kioo vitangulie kwenye mnyororo kabla ya vitambua moshi. Hivyo mtu akitoa kichwa kimoja cha kitambua moshi, vibonyezo vinaendelea kufanya kazi. Vifungwe kwenye kimo cha mita 1.4, karibu na milango ya kutokea na penye ngazi.

4. Piga mega kabla ya vichwa

Kebo ikiwa tupu, bila vichwa na bila paneli, ipime kwa mega (kifaa cha kuona kama umeme unavuja kwenye kebo) kwa volti 500, waya kwa waya, kisha kila waya kwa ethi. Mimi chini ya megaomu 2 sipokei, natafuta msumari uliotoboa. Ukipiga mega wakati vichwa viko darini umeviua vyote.

5. Kitako

Vitako vingi vina tundu la hasi moja la pamoja, na matundu mawili ya chanya: la kuingia na la kutoka. (Kwa watengenezaji wengine ni kinyume, angalia mchoro.) Hayo mawili hayajaungana ndani ya kitako. Yanaunganishwa na kichwa chenyewe kikizungushwa mahali pake. Kwa hiyo kichwa kikitolewa mnyororo unakatika, na paneli inawasha taa ya njano ya hitilafu. Kimewekwa hivyo makusudi.

Chumba namba 9, waya wa kuingia na wa kutoka wote walikuwa wamesokotwa pamoja na kubanwa tundu moja. Laini ilipita kama kawaida na kichwa kilipata umeme, lakini mtu angeweza kukiiba asubuhi na paneli isiseme neno. Kati ya vyumba 14, vitako 6 vilikuwa hivyo. Pengine fundi aliona ni kazi bure kutenganisha nyaya za rangi moja.

Kwa hiyo menya kila waya milimita 8 hivi, usionekane uchi nje ya tundu, kaza, kisha uvute kwa mkono kuona kama umeshika. Nyaya za ethi ziungane zenyewe kwenye tundu lao ili zisikatike njiani.

Vichwa subiri. Jengo likiwa bado linapigwa rangi au msasa, viache kwenye maboksi au na vifuniko vyake vya vumbi. Kumbuka tu kuvitoa hivyo vifuniko. Nimeshapanda ngazi kwenye jengo lililofunguliwa miezi minane nikakuta vya njano bado viko juu.

6. Rezista ya mwisho

Inafungwa kwenye kifaa cha mwisho cha kanda, huko mbali, siyo ndani ya paneli. Ikikaa ndani ya paneli, paneli inajipima yenyewe.

Kazi yake ni rahisi. Kwa rezista ya omu 6,800, volti 24 zinapitisha kama miliampia 3.5 muda wote. Laini ikikatika mkondo huo unakufa, paneli inasema hitilafu. Kichwa kikihisi moshi kinafungua njia ya mkondo mkubwa zaidi, paneli inasema moto. Thamani hutofautiana: nyingine 4,700, nyingine hazitumii rezista bali kapasita. Tumia iliyokuja kwenye boksi la paneli yako. Laini ya ving'ora nayo ina ya kwake, na huko chanya na hasi zisipishane.

7. Paneli na betri

Ipe breka yake peke yake, iandikwe KENGELE YA MOTO – USIZIME. Betri ni mbili za volti 12, zilizofungwa kwa kufuatana ili zitoe volti 24. Hesabu yake: paneli yenye vifaa vyote ikitumia ampia 0.1 ikiwa kimya, kwa saa 24 ni ampia-saa 2.4, ving'ora vikivuta ampia 0.6 kwa nusu saa ni 0.3. Jumla 2.7, zidisha kwa 1.25 kwa ajili ya kuzeeka, unapata kama 3.4. Betri za ampia-saa 7 zinatosha. Mkumbushe mwenye gesti kwamba uniti za LUKU zikiisha usiku, paneli inaishi kwa betri, kwa hiyo asisubiri hadi kesho kutwa.

8. Kupima

Waambie wageni kwanza. Kisha, kwa kila kichwa bila kuruka: puliza moshi wa kopo la kupimia, subiri kilie, hakikisha paneli inaonyesha kanda sahihi, nyamazisha ving'ora na uirudishe paneli hali ya kawaida, toa kichwa, ngoja taa ya njano, rudisha. Usichome karatasi wala kupuliza sigara, masizi yanabaki ndani. Kitambua joto kipime kwa hewa ya moto. Kisha kata breka, hakikisha ving'ora vinalia kwa betri peke yake. Ingia chumba cha mwisho, funga mlango, sauti ya king'ora kwenye mto ifike desibeli 75.

9. Matunzo

Kila wiki, siku moja ile ile, bonyeza kibonyezo kimoja kwa ufunguo wake, wiki ijayo kingine, andika kwenye daftari. Mkaguzi wa Zimamoto akija hilo daftari ndilo ataliomba. Vumbi la Agosti hadi Oktoba linaingia hata kwenye vyumba vilivyofungwa, kwa hiyo mwanzoni mwa mvua pitisha brashi laini au kivuta vumbi kwenye matundu ya kila kichwa. Buibui wadogo nao wanapenda humo, na utando mmoja unatosha kukuamsha saa kumi alfajiri. Betri badilisha baada ya miaka 4, vichwa baada ya 10.

Kuna jambo moja ambalo wenye gesti hawapendi kulisikia. Mgeni akiingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi, kitambua moshi hakitamwokoa. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na jicho la kichwa hiki haliioni. Kuna vitambuzi vyake, vinauzwa peke yake. Weka, na jiko lizuiwe mlangoni.

Mwisho, acha vichwa viwili vya akiba vya aina ile ile kwenye droo ya mapokezi, pamoja na rezista moja ndani ya bahasha yenye namba ya kanda. Kichwa kikiharibika Ijumaa jioni, cha kuagiza Dar hakitakufikia kabla ya Jumatatu, na chumba hicho kitakuwa na mgeni.