Somo: Uso haulingani upande wa chini? Pita hapa kabla ya kukubali sindano au kisu

Nilikuwa na miaka 29 nilipokaa kwenye kiti cha kliniki, nywele zimefungwa nyuma, tayari kuchomwa fila (sindano ya kujaza) shavu la kushoto ili lijae lifanane na la kulia. Daktari alinishika taya zote mbili, akaniambia nibane meno, kisha akauliza: "Huwa unatafunia upande gani?" Nikakaa kimya. Kushoto nilikuwa na gego lililotoboka, na kwa miaka mitano hivi chakula chote kilipita kulia. Shavu la kushoto halikuwa limepungua hata kidogo. La kulia ndilo lililonenepa, msuli wa taya umekuwa mgumu kama wa mtu anayebeba mizigo. Akaweka sindano yake pembeni, akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa meno.

Mimi si daktari. Somo hili nimeliandika kwa sababu nilikaribia kujaza upande uliokuwa mzima, na bado naona watu wakichagua tiba kabla ya kujua kilichopinda ni nini: mfupa, meno, msuli, mafuta au mshipa wa fahamu. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya hiki haikifai kile.

Hatua ya 1: Limeanza lini?

Chukua picha zako za zamani, za miaka mitano na kumi iliyopita, uzilinganishe. Kama tofauti ilikuwepo tangu ujana na haijabadilika, una muda wa kutosha, endelea kusoma.

Kama mdomo umeteremka upande mmoja ghafla, leo au jana, acha kusoma uende hospitali sasa hivi. Inaweza kuwa kiharusi, hasa kama mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri. Inaweza pia kuwa kupooza kwa mshipa wa fahamu wa uso, ambako kwa kawaida hata paji la uso la upande ule haliwezi kukunjwa na jicho halifumbi vizuri. Usijipime mwenyewe nyumbani ukaamua ni kipi kati ya hivyo viwili; hiyo ni kazi ya daktari. Kupooza huku kunatibika vizuri zaidi dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe wa ndani) zikianza ndani ya saa 72, kwa hiyo kusubiri "labda kesho itarudi" kunakugharimu.

Na kama tofauti imekuja polepole lakini kuna uvimbe unaoshikika, ganzi, au meno yaliyokuwa yakikutana sasa hayakutani, muone daktari kwanza. Urembo utasubiri.

Hatua ya 2: Jione kama ulivyo

Selfi haikuonyeshi uso wako. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu. Kilicho karibu na kamera huvimba, kilicho mbali husinyaa, na ukigeuka kidogo tu, taya moja inakuwa kubwa kuliko nyingine.

Halafu kuna kioo. Umejizoea ukiwa umegeuzwa, kushoto kulia, kulia kushoto. Ukijiona kwenye picha isiyogeuzwa, kila tofauti ndogo inahama upande na kukurukia machoni. Utafiti wa mwaka 1977 ulionyesha jambo hilohilo: watu walipendelea sura yao ya kwenye kioo, ilhali rafiki zao walipendelea ile ya kweli. Wanaokupenda wameizoea sura ambayo wewe unaiona imepinda.

Basi fanya hivi. Mwombe mtu akupige, kamera usawa wa macho, umbali wa mita moja na nusu au zaidi, mwanga wa mbele, kichwa wima. Piga ya midomo imetulia, ya kutabasamu, ya kutoka chini ya kidevu, na moja ukiwa umeng'ata kijiti kilichonyooka kwa magego ya pande zote mbili. Kijiti kikienda mshazari ukilinganisha na mstari wa macho, kuna dalili kwamba taya au meno yenyewe yamelala upande mmoja. Piga mara moja, weka. Ukianza kupiga kila asubuhi utaona vitu visivyokuwepo.

Hatua ya 3: Tafuta ni tabaka gani

Hapa ndipo nawasihi mtulie.

Weka vidole kwenye pembe za taya, chini ya masikio, kisha bana meno. Upande mmoja ukituna sana kuliko mwingine, shuku msuli. Jiulize kuhusu kusaga meno usingizini, maumivu ya kichwa asubuhi, jino bovu, au upande usiotafunia. Misuli hunenepa kwa kazi, popote ilipo mwilini.

Sasa fungua mdomo polepole mbele ya kioo. Kidevu kikikimbilia upande mmoja kinapofunguka, au kukiwa na mlio na maumivu mbele ya sikio, kiungo cha taya kinahitaji kuangaliwa. Kidevu kikiwa pembeni hata mdomo umefungwa, na mstari wa katikati ya meno ya chini umekwenda nacho, tatizo huenda ni mfupa. Taya huweza kukua bila usawa kwa kuzaliwa, kwa kuumia utotoni (mtoto aliyeanguka akapiga kidevu huenda alivunjika karibu na kiungo na hakuna aliyejua), au kwa sababu kichwa cha taya (ncha yake inayoingia kwenye kiungo) upande mmoja kimeendelea kukua wakati cha upande wa pili kimesimama.

Kama ukiwa umetulia kila kitu kiko sawa ila ukitabasamu mdomo wa chini unashuka upande mmoja, hapo ni misuli midogo ya mdomo au mshipa wake wa fahamu. Wapo wengi waliozaliwa hivyo.

Waliopoteza magego ya upande mmoja, msijidanganye na fila. Mfupa uliokuwa umeshika meno huyeyuka taratibu baada ya kung'olewa. Zungumza na daktari wa meno kwanza.

Hatua ya 4: Tiba ifuate tabaka

Botoksi, sindano ya kulegeza msuli, ni ya msuli tu. Ikichomwa kwenye msuli wa kutafuna ulionenepa, msuli unapungua ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili, na kwa kawaida baada ya miezi sita hivi nguvu zake zinarudi. Ikisambaa mbele kidogo inagusa msuli wa tabasamu na mdomo unakwenda upande. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa kulegea misuli wasichomwe.

Fila hujaza pengo. Inaweza kusahihisha kidevu kilichopungua upande mmoja au mstari wa taya uliokatika, lakini haisogezi mfupa. Chagua ya asidi ya hayaluroniki, kwa sababu ipo dawa ya kuiyeyusha mambo yakiharibika. Kaa mbali na silikoni ya maji na kila kinachoitwa "cha kudumu". Uso unabadilika na umri, ile haibadiliki nao, na kuitoa ni upasuaji.

Sindano za kuyeyusha mafuta ya chini ya kidevu ziliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Ni za mafuta ya katikati, si za kusawazisha taya, na zikiugusa mshipa wa fahamu wa pembeni tabasamu linapinda kwa wiki au miezi.

Mfupa ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, mara nyingi akishirikiana na daktari wa kupanga meno. Kusogeza kidevu peke yake ni jambo moja. Kusogeza taya zima ni safari: vyuma vya meno mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla, upasuaji, wiki sita hivi mfupa uunge, na uvimbe wa mwisho huchukua miezi mingi kuisha. Ganzi ya mdomo wa chini na kidevu hutokea mara nyingi, na kwa wengine haiondoki yote. Mwenye historia ya kiloidi (makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha) aseme mapema na aulize mkato utapita wapi, maana taya na masikio ni sehemu ambazo kiloidi huzipenda.

Na ipo chaguo la kuacha. Hakuna uso wa binadamu unaolingana pande zote.

Hatua ya 5: Anayekuchoma ni nani

Muulize ana leseni ya udaktari na amesomea nini. Muulize kama dawa ya kuyeyusha fila ipo chumbani humo, leo. Muulize atafanya nini fila ikiziba mshipa wa damu. Anayekasirika kwa maswali hayo, inuka uondoke. Anayekuambia "nusu saa tu, umemaliza" kabla hajakushika taya wala kuangalia meno yako, huyo naye hajui anachotibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, dada. Mwanangu ana miaka 15, kidevu chake kinaenda kushoto na mwaka huu naona kimezidi. Nisubiri akue?

Jibu: Usisubiri, mama. Kusubiri upasuaji ni sawa, kusubiri uchunguzi si sawa. Kidevu kinachozidi kuhama umri huo kinaweza kuwa ni upande mmoja wa taya unaokua kupita mwenzake. Wataalamu hupiga picha na kulinganisha kila baada ya miezi kadhaa, na wakati mwingine hufanya skani ya mifupa kuona kama ukuaji bado unaendelea. Nenda na picha zake za miaka mitatu iliyopita.

Swali: Nimeambiwa nibandike ulimi juu ya kaakaa na nitafune mpira mgumu upande mdogo, taya itanyooka. Kweli?

Jibu: Kwa mtu mzima ulimi hausogezi mfupa wa taya, kaka. Na kutafuna mpira mgumu kunaweza kukuumiza kiungo cha taya ukaja kutafuta tiba ya maumivu juu ya ile ya sura.

Swali: Nimechomwa fila ya kidevu jana jioni. Leo ngozi imekuwa na madoa meupe na zambarau kama wavu na inauma sana. Ni kawaida?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Piga simu kwa aliyekuchoma sasa hivi, na asipopokea nenda idara ya dharura, usingoje asubuhi. Hiyo inaweza kuwa fila imeziba mshipa wa damu, na ngozi inaweza kufa. Waambie jina la dawa uliyochomwa na saa. Ukipata shida yoyote ya kuona, useme hilo kabla ya yote. Tafadhali rudi utuambie umefika.

Swali: Nilichoma botoksi ya taya wiki tatu zilizopita na sasa natabasamu kombo. Nichome upande wa pili isawazike?

Jibu: Usiongeze dawa kwa haraka, pole sana. Inawezekana imesambaa hadi msuli wa tabasamu, na inaisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki au miezi michache. Rudi kwa daktari akuone na aandike amechoma wapi, ili kosa lisirudiwe.

Swali: Mume wangu, dada zangu, hata madaktari wawili wamesema hawaoni tofauti. Mimi naiona. Nikianza kujiangalia kioo saa nzima inapita, na nimeacha kwenda harusini. Nani ataniamini?

Jibu: Mimi nakuamini kwamba unateseka, na hilo ndilo linalohitaji tiba. Kuna hali inayojulikana ambayo akili hukamata kasoro ndogo au isiyoonekana na kukataa kuiachia. Inawapata watu wawili hivi kati ya mia. Sindano na upasuaji kwa kawaida haviitulizi. Jicho huhamia sehemu nyingine. Inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, na wakati mwingine kwa dawa. Mwambie daktari haya haya uliyoniandikia: kioo, saa nzima, harusi. Usikate uso wako kabla ya mazungumzo hayo.

Swali: Na wewe dada, mwisho ulichomwa?

Jibu: Sikuchomwa. Gego lilizibwa, nikapewa kinga ya kuvaa usiku kwa sababu kumbe nilikuwa nasaga meno, nikajifunza upya kutafunia pande zote. Baada ya miezi minane nilipiga picha zile zile. Pembe ya taya ya kulia imepungua. Kidevu bado kimeegemea kushoto kidogo, kama cha mama yangu, na hicho nimekiacha.